Maganda Yana Wenyewe

Ukifika Marikiti saa kumi na mbili asubuhi, umeshachelewa. Malori ya viazi na vitunguu yameshusha usiku, mama mboga wameshapakia magunia yao kwenye matatu, na wabeba mizigo wamekaa juu ya mikokoteni wanakunywa chai. Kilichobaki chini ndicho kilichonitoa Dar es Salaam: majani ya kabichi yaliyokanyagwa, nyanya zilizopasuka, maembe yaliyooza na maganda ya mahindi mabichi yanayokufika magotini. Vibao vinaliita Soko la Wakulima. Sikumsikia hata mtu mmoja akilitaja kwa jina hilo.

Mwenyeji wangu, kijana wa Kayole mwenye shahada ya uhandisi na viatu vya mpira, alikuwa ameinama juu ya lundo anavuta kamba ya nailoni isiyotaka kwisha. Nyuma yake wanawake wawili walikuwa wakitoa vifuniko vya chupa, vipande vya magunia na soli ya kiatu. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea mizigo mwaka 2017, na kweli sikuiona. Lakini plastiki ina ndugu wengi.

"Taka hii ni ya bure, mzee," aliniambia. "Kuichambua ndiko kusiko kwa bure."

Nilidhani analalamika tu, kama tulalamikavyo sote tulio na biashara ndogo. Baadaye niliona kwamba alikuwa amenipa habari yote ya safari yangu kabla sijanywa chai.

Mimi nafuga kuku wa mayai Kigamboni. Anayefuga anajua kwamba chakula hula asilimia sitini hadi sabini ya gharama zote, na katika chakula hicho kinachouma mfuko ni protini: soya na dagaa. Dagaa ndio wanaonisumbua zaidi rohoni. Samaki yule yule anayetoka Ziwa Victoria, Wakenya wakimwita omena, anagombewa na sufuria ya mama mwenye watoto watano na mashine ya kusaga chakula cha kuku, na mashine ikiwa na pesa zaidi hushinda. Kwa hiyo niliposikia kwamba Nairobi kuna watu wanaowalisha kuku mabuu yaliyonenepa kwa taka za soko, nilikata tiketi ya basi la kupitia Namanga.

Mdudu mwenyewe ni nzi askari mweusi. Wafugaji wa Nairobi humwita kwa herufi tatu tu, BSF. Asili yake ni bara la Amerika, ingawa siku hizi anapatikana karibu kila nchi yenye joto. Si yule nzi anayetua kwenye choo kisha kwenye wali wako. Ni mwembamba, mweusi, ana umbo la nyigu, na akishapata mbawa hana haja ya kula: anaishi wiki moja au mbili kwa mafuta aliyojiwekea utotoni. Asiyekula hana safari ya kwenda mezani kwako, ndiyo maana hasifiki kwa kueneza magonjwa. Kula ni kazi ya buu. Anatoka kwenye yai dogo lisiloonekana vizuri kwa macho, gramu moja ya mayai hayo ikiwa na mayai kama elfu arobaini, na ndani ya majuma mawili au matatu hivi anakuwa mnene kama punje kubwa ya mchele uliopikwa, akiwa amekula karibu kila kinachooza kilicho mbele yake. Ukimkausha, takriban asilimia arobaini ya uzito wake ni protini.

Tulipakia magunia kwenye tuktuk ya mizigo, na kijana akaenda nayo. Mimi nilipanda matatu ya Barabara ya Thika hadi Kasarani, kwa sababu huwezi kuzungumzia wadudu Nairobi bila kupita kwa wakubwa wao. Hapo Kasarani kuna icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, Mkenya aliyeamini kwamba Afrika inaweza kuwasoma wadudu wake yenyewe badala ya kusubiri dawa za kuwaua kutoka nje. Uwanja wao wanauita Duduville, na mwenye kucheka na acheke. Kazi iliyofanywa hapo juu ya wadudu kama chakula cha mifugo ndiyo iliyowapa wafugaji wengi wa ukanda huu ujasiri wa kuanza. Mwaka huo huo wa marufuku ya mifuko, 2017, Kenya pia ilipata viwango rasmi vya wadudu waliokaushwa kwa ajili ya kuchanganya chakula cha mifugo. Mtu anaweza kuona viwango kuwa karatasi tu. Lakini bila karatasi hiyo, mwenye kiwanda cha chakula cha kuku hanunui funza wako hata ukimpigia magoti.

Mtafiti mmoja, dada mpole mwenye koti jeupe lililochakaa mifukoni, aliniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Kwenu Dar mnapata shida gani kubwa na nzi hawa, joto au mwanga?" Nikamwambia joto tunalo hadi tunaligawa. Akacheka, akasema basi ninyi mmeshapewa nusu ya mtaji. Mabuu hupenda nyuzi ishirini na saba hadi thelathini hivi. Nairobi mwezi wa Julai usiku hushuka hadi kumi na kidogo, na hapo mabuu hupunguza kula, siku za kuvuna zinarefuka, na mfugaji anaanza kununua taa na mkaa. Mwanga ni jambo la nzi wakubwa. Hawapandani gizani. Wanataka jua, na taa ya kawaida ya sebuleni haiwatoshi hata ukiiwasha mchana na usiku, kwa kuwa haina ule mwanga mahususi ambao macho yao yanautafuta. Wako wanaouza taa maalumu za kazi hiyo. Wako pia wanaotoa bati moja la paa na kuweka la plastiki linalopitisha mwanga, na nzi wao wanazaliana bila kuuliza bei.

Jioni nikaenda Kayole.

Banda la kijana liko nyuma ya nyumba za kupanga za ghorofa, kati ya ukuta wa kanisa na gereji ya kupiga rangi magari. Ukubwa wake ni kama darasa la shule ya msingi. Kabla ya kuingia nilijiandaa kwa harufu, nikakuta harufu ya pombe ya kienyeji iliyokaa siku moja: kali kidogo, si ya kutapisha. Majirani walilalamika mwanzoni, akasema, wakati alipokuwa akipokea matikiti maji mengi. Tikiti ni maji matupu. Kreti inajaa mchuzi, hewa haipiti, na hapo uozo wa kweli unaanza. Siku hizi kila taka yenye maji huchanganywa na machicha kutoka kiwanda cha bia au pumba, mpaka ukiifinya mkononi matone machache tu yanatoka katikati ya vidole. Kipimo chake ni kiganja. Kifaa cha kupimia unyevu anacho, kimening'inia ukutani, lakini sikumwona akikitazama.

Makreti yamepangwa kwa ngazi hadi karibu na paa. Kuna mwongozo mmoja ambao wafugaji wa mijini duniani kote huurudia, uliotolewa mwaka 2017 na taasisi ya Eawag ya Uswisi baada ya kazi ndefu huko Indonesia, nao unakupa hesabu nyepesi: kreti ya sentimita sitini kwa arobaini, mabuu elfu kumi ya umri wa siku tano, kilo kumi na tano za taka, siku kumi na mbili. Kijana anaifuata kama sala. Alinipa nafasi ya kuingiza mkono kwenye kreti ya siku ya tisa. "Usiogope, mzee, hawaumi." Nikazamisha vidole na kuvitoa mara moja, si kwa kinyaa bali kwa joto. Mabuu wakiwa wengi na wakila kwa bidii hujipasha moto wenyewe, na katikati ya kreti kunaweza kupita nyuzi arobaini. Nikainamisha sikio. Walikuwa wanachacharika kama mafuta yaliyotiwa vitunguu.

Kisha akanipeleka kwenye sehemu anayojivunia zaidi, na ana haki. Ni visanduku viwili vya mbao na neti. Cha kwanza kimefunikwa kwa turubai jeusi: humo huwekwa pupa, nao wakipasuka na kuwa nzi hutulia tu kwenye giza, hawahangaiki, hawachoki. Cha pili kiko chini ya bati linalopitisha mwanga. Asubuhi anaunganisha vyote viwili kwa mdomo wa kitambaa, na nzi wote wa siku hiyo, wenye umri mmoja, hukimbilia penye mwanga wenyewe. Hakuna wa kuwashika wala kuwafukuza. Upande wa chini wa kisanduku cha mwanga kuna bakuli lenye taka inayonuka kwelikweli, na juu yake vipande vya mbao vilivyofungwa pamoja, vikiachiwa nafasi nyembamba. Jike hutafuta mahali pakavu, pa kujificha, karibu na chakula ambacho watoto wake watakiangukia. Anaingiza mayai yake katika nafasi hizo, mamia kwa mara moja, kisha anakufa. Kijana hufungua mbao, anayakwangua kwa ncha ya kisu, anayapima kwenye mizani ya sonara. Mayai huuzwa kwa gramu, na wako watu Nairobi ambao kazi yao ni hiyo tu.

Nilimwuliza kuhusu kontena. Nilikuwa nimeona picha za kontena la meli lenye vihisio vya joto, feni zinazojiwasha na simu inayokupa taarifa ukiwa kitandani. Akanionyesha kisanduku kidogo chenye nyaya kilichowekwa juu ya kabati. Alikitengeneza mwenyewe, na kilikuwa kikimtumia ujumbe joto likishuka. "Kilifanya kazi vizuri," akasema. "Usiku wa saa tisa kinaniamsha kunijulisha kuna baridi. Na stima zimepotea. Sasa nifanye nini? Naamka, nafunika makreti na magunia." Sasa huyafunika kila jioni kabla ya kulala.

Sisemi vihisio havina kazi. Mwenye tani kumi kwa siku hawezi kuzunguka na kiganja. Kiwanda kikubwa zaidi nilichokisikia katika ukanda huu kiko Kinanie, kaunti ya Machakos, cha kampuni ya Regen Organics, ambayo zamani iliitwa Sanergy. Wao walianzia vyooni. Waliweka vyoo vya Fresh Life katika mitaa kama Mukuru ambako mabomba ya maji taka hayafiki, wakawa wanakusanya kinyesi kwa ndoo zilizofungwa, kisha wakaanza kulisha mabuu kinyesi hicho pamoja na taka za masoko na jikoni. Kinachobaki kreti zikishachekechwa ni mbolea, nao huiuza kwa jina la Evergrow. Huko huwezi kukwepa mashine. Na Limuru, kwenye baridi ya mashamba ya chai, kampuni ya InsectiPro ya Talash Huijbers inafuga nzi hao hao na nyenje pia. Nilipita Limuru nikiwa nimevaa sweta mbili, nikawaza gharama ya kupasha joto mabuu mahali ambapo mimi mwenyewe natetemeka.

Lakini mashine haikununulii taka safi. Chukua hesabu ya Eawag uipeleke Marikiti. Tani moja ya taka kwa siku inataka makreti sitini na saba mapya kila asubuhi, na kwa kuwa kila moja hukaa siku kumi na mbili, unahitaji makreti kama mia nane yakiwa kazini kwa wakati mmoja. Hiyo ni tani moja. Nairobi hukadiriwa kutoa zaidi ya tani elfu mbili kwa siku, zaidi ya nusu yake vitu vya kuoza, na nyingi huishia Dandora, jaa lililotangazwa kujaa tangu 2001 na ambalo bado linapokea. Makreti mia nane unaweza kuyapata, ni pesa tu. Tani moja isiyo na betri, wembe wala rangi ya gereji, kila siku, ndiyo kazi. Na si suala la usafi wa macho. Mabuu hukusanya kadimiamu mwilini, madini mazito yaliyomo katika baadhi ya taka za viwandani na vifaa vya umeme, na buu huyo ataliwa na kuku, na yai la kuku huyo nitakula mimi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2022 kuhusu taka inataka kila mtu atenganishe zinazooza na zisizooza tangu mwanzo. Katika mtaa niliolala, ndoo zilikuwa mbili, moja ya kijani na moja ya bluu. Asubuhi likaja lori moja, likamwaga zote mbili pamoja.

Wazungu wamelimaliza tatizo hili kwa kalamu. Katika Umoja wa Ulaya buu la nzi linahesabiwa kuwa mfugo kama ng'ombe, hivyo ni marufuku kulilisha mabaki ya hoteli au kinyesi. Wameruhusu protini ya wadudu kwa samaki wa kufugwa tangu 2017, kwa kuku na nguruwe tangu 2021, ila mdudu mwenyewe ale chakula kilichokubalika. Matokeo yake ni kwamba viwanda vyao vikubwa hununua pumba za ngano na mabaki ya viwanda vya unga, yaani vitu ambavyo ng'ombe tayari alikuwa akivila na vina bei sokoni. Ÿnsect ya Ufaransa ilikusanya mamia ya mamilioni ya dola, ikajenga karibu na Amiens kiwanda kinachoendeshwa na roboti kwa kufuga mabuu ya mbawakawa wa unga, na mwaka 2024 ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Sababu za kampuni kuanguka huwa nyingi. Ila mfugaji wa kuku hukiona kidonda upesi: ukimnunulia buu chakula kwa bei, kisha umuuze kwa bei ya dagaa, umebaki na nini?

Haya yote nilimweleza kijana tukiwa tunatembea, yeye akiwa na ndoo nne za lita ishirini zenye vifuniko kwenye mkokoteni. Alikuwa ameacha kuitegemea Marikiti. Anaichukua bado, kujaza pengo, lakini roho ya kazi yake sasa ni ndoo hizi. Kayole ina vibanda vya chipsi kila baada ya nyumba chache, na kibanda cha chipsi kina taka ya namna moja: maganda ya viazi, na jioni mabaki kidogo ya kabichi. Hakuna plastiki ndani kwa sababu anayemenya viazi anadondoshea maganda moja kwa moja kwenye ndoo. Kijana anaacha ndoo tupu, anachukua iliyojaa, anaiosha bandani kwake kwa maji ya moto. Hii ndiyo teknolojia bora kuliko zote nilizoziona Nairobi, na bei yake ni ndoo na kifuniko. Maganda ya viazi peke yake ni wanga mwingi na protini haba, kwa hiyo anayachanganya na machicha, na mabuu wanapendeza.

Mavuno yake hayaendi mbali. Mabuu yakishachekechwa huoshwa, yanachovywa kwenye maji yanayochemka ili yafe na vijidudu vifanye hivyo hivyo, kisha yanaanikwa juu ya mabati. Sehemu nyingine huuzwa yakiwa hai kwa wafugaji wa kuku wa Ruai na Utawala, wanaokuja na bodaboda. Niliwaona kuku wakitupiwa mabuu hai: hawakuacha hata moja, na jogoo mmoja aliyekuwa mgonjwa kwa maelezo ya mwenyewe alisahau ugonjwa wake. Pesa inayobaki ni ndogo. Kijana haifichi. Anasema mbolea inamlipa kuliko mabuu, kwa kuwa wenye bustani za sukuma wiki hawana sehemu nyingine ya kuipata karibu.

Kibanda cha mwisho cha mzunguko wake kilikuwa cha mama mmoja mnene, mwenye sauti, aliyefunga leso kiunoni na kijiko kirefu mkononi. Nilimsalimu, akanikaribisha benchi, akanipa chipsi kabla sijaomba. Kijana akanyoosha mkono kuchukua ndoo. Mama akaweka mguu juu ya kifuniko.

"Wewe kijana, hebu tuongee kwanza. Kuna mtu wa nguruwe amekuja hapa. Ananipa hamsini kwa ndoo."

"Hamsini, mathe? Haya si maganda?"

"Ni maganda. Na mbona unayafuata kila siku na jua hili?"

Kijana akanitazama, kana kwamba ningeweza kumtetea. Sikuwa na la kusema; mdomo ulikuwa na chipsi. Nilimwona akipiga hesabu kwa vidole mfukoni: ndoo moja ni kilo kumi na kitu, kilo kumi na kitu ni kama kilo moja na nusu ya mabuu wabichi, toa machicha, toa msichana wa kuchekecha, toa kodi ya banda. Akatoa ofa ya gunia la mbolea kwa mwezi.

"Mbolea ya nini? Mimi nina shamba hapa Kayole?"

"Basi mayai. Trei moja kila wiki. Mteja wangu wa Ruai ananilipa kwa mayai, nitakuletea."

Mama akageuza viazi kwenye karai, akavitikisa, akamhudumia mtoto aliyekuja na shilingi ishirini, akarudi. Trei moja ni sawa, akasema, lakini siyo kwa ndoo zote. Jumamosi anamenya magunia mawili kwa ajili ya wateja wa mpira, na maganda ya Jumamosi ameshamwahidi mtu wa nguruwe.

"Na Jumapili?" kijana akauliza.

"Jumapili naenda kanisani. Njoo Jumatatu, na uje na mayai."